Daftari Moja kwa Mzee Mmoja: Jinsi Muuguzi Anavyoongoza Matunzo ya Demensia Nyumbani

Katika nyumba nyingi nilizoingia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mzee mwenye demensia nilimkuta na watu wengi wanaomhudumia, kila mmoja akifanya lake. Mkwe anampikia, mjukuu anamwogesha, mtoto aliyeko Dar es Salaam anatuma fedha na kuagiza dawa kwa simu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapita mara moja kwa mwezi, tabibu wa zahanati anamwona akipandwa na homa, na mchungaji anakuja kumwombea kila Alhamisi. Wote wana nia njema, ila hakuna anayejua mwenzake aliona nini juzi. Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, pamoja na familia zinazotaka kujua ziombe nini kwa muuguzi wao, ili watu hao sita wawe timu moja yenye kiongozi.

Nasema kiongozi huyo awe muuguzi, na sababu zangu ni za kazi. Demensia ni jina la jumla la magonjwa yanayoharibu ubongo taratibu, ugonjwa wa Alzheimer ukiwa ndio unaoongoza kwa wingi, na mwingine mkubwa ni ule unaotokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, ambao huwapata sana watu wenye presha ya muda mrefu na waliowahi kupata kiharusi. Dawa ya kuponya magonjwa hayo haipo. Mgonjwa huishi nayo miaka, na katika miaka hiyo yote yanayomsumbua ni kula, kulala, kuoga, kwenda haja, kuanguka, maumivu na hofu, mambo ambayo ndiyo hasa tuliyoyasomea. Daktari bingwa anahitajika siku chache katika safari hiyo. Muuguzi anahitajika kila wiki.

Wagonjwa wenyewe si wachache kama rejesta zetu zinavyoonyesha. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na kuendelea wana demensia. Kwa hesabu hiyo, kata yenye wazee 300 wa umri huo inaweza kuwa na wagonjwa wapatao 19. Fungua rejesta ya kituo chako uone kama umeandika hata mmoja. Wapo, ila wameandikwa presha, malaria au uzee.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni huo

Familia ikikwambia kwamba mzee anasahau, usiharakishe kuupa ugonjwa jina. Uliza mabadiliko yalianza lini na yalikuja vipi. Demensia hunyemelea: familia hukumbuka kwamba mwaka juzi alianza kurudia swali lile lile, mwaka jana akapotea njia ya kutoka sokoni, na mwaka huu hawezi tena kuhesabu chenji. Mkanganyiko ulioanza juzi au wiki iliyopita, unaopanda na kushuka ndani ya siku moja, mara mzee amezubaa, mara anapiga kelele, huo ni dharura ya mwili na una chanzo chake: malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyopanda au kushuka, au dawa mpya aliyoanzishiwa. Mzee wa namna hiyo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo, hata kama ana demensia ya miaka mingi.

Yapo pia magonjwa yanayofanana na demensia ambayo yanatibika, na ni hasara kubwa mzee kuhesabiwa kuwa hana tiba kumbe ana tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, kaswende ya muda mrefu, VVU, au damu iliyovujia polepole ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Mwombe tabibu aagize vipimo vinavyopatikana, na wewe mwenyewe mchungulie mzee masikio na kumpima macho, kwa sababu asiyesikia vizuri hujibu ovyo na watu wakadhani amechanganyikiwa.

Kwa uchunguzi wa awali kipo kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa huku huku Hai kwa kuwafikiria wazee ambao wengi wao hawakusoma. Mzee hatakiwi kuandika. Huulizwa, kwa mfano, daraja ni kitu gani, hutajiwa maneno atakayotakiwa kuyakumbuka baadaye, hutaja wanyama anaowajua, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano aliowekewa. Kipimo hicho hakithibitishi ugonjwa. Kazi yake ni kukuonyesha nani umpe barua ya rufaa, na ukiandika barua hiyo, ambatanisha matokeo pamoja na maelezo ya familia juu ya miaka miwili iliyopita, kwa maana daktari atamwona mzee kwa dakika 15 tu.

Ziara ya kwanza

Mwamkie mzee kabla ya mtu mwingine yeyote. Keti au uchutame ili macho yenu yawe usawa mmoja, umpe shikamoo, kisha unyamaze umsubiri. Wazee waliokwisha kusahau majina ya watoto wao wa kuwazaa bado huitikia marahaba, tena kwa sauti ya mtu mzima anayejua heshima yake, na katika sekunde hizo chache unajifunza mengi: kama anasikia, kama anauona uso wako, inamchukua muda gani kulipata neno, na kama mdomo umepinda upande mmoja. Mweleze umekuja kufanya nini na umwombe ruhusa yeye mwenyewe, hata kama familia imekwisha kukuruhusu.

Sikiliza anajibu kwa lugha gani. Lugha ambayo mtu alijifunza ukubwani mara nyingi humtoka kabla ya ile ya utotoni, na si ajabu mzee wa Machame aliyefanya kazi maisha yake yote kwa Kiswahili akabakiwa na Kimachame peke yake. Muuguzi mgeni akimwona hajibu, huandika kwamba hana ushirikiano, kumbe hakuelewa. Kama lugha hiyo huijui, hakikisha mmoja wa wanatimu anaijua, na wewe ujifunze angalau maneno ya maji, maumivu, choo, baridi na pole.

Kisha uliza mzee huyu alikuwa nani kabla ya ugonjwa. Swali hili wengi hulipita haraka, nami naliona ni la kazi kama lilivyo swali la presha. Bibi anayeamka saa kumi alfajiri na kuhangaika mlangoni, familia ikilalamika kwamba anataka kutoroka, huenda kwa miaka 50 alikuwa akitoka saa hiyo hiyo kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mkijua hivyo, mtaacha kumfungia kwa kufuli. Mtamwashia taa, mtampa chai ya vuguvugu na fungu la majani alipange, na baada ya nusu saa atarudi kitandani akiwa ameridhika.

Mwisho wa ziara, izunguke nyumba pamoja na mtu anayelala na mzee. Angalia njia ya kwenda chooni usiku, sakafu inayoteleza, jiko la kuni, kamba ya kushikia, na mahali zinapokaa dawa. Kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za huku, kuna hatari mbili ambazo miongozo ya mijini haizitaji: mfereji wa maji unaopita kando ya nyumba, na viuatilifu vya kahawa vilivyohamishiwa kwenye chupa za soda. Chupa hizo ziondolewe siku hiyo hiyo, ukiwa bado upo.

Nani yumo, na nani anafanya nini

Mwanatimu wa kwanza ni yule anayelala nyumba moja na mzee. Mara nyingi ni mkwe, mjukuu wa kike au dada wa kazi, yaani mtu ambaye katika vikao vya ukoo haombwi neno. Ndiye anayejua kila kitu. Kazi ya kwanza ya muuguzi kiongozi ni kulifanya neno la mtu huyo lifike linakopaswa kufika, na nimejifunza hilo kwa njia ambayo bado inaniumiza. Bibi mmoja aliacha kula. Wanawe walisema ugonjwa umefika mwisho, mimi nikakubaliana nao, na mazungumzo yakaanza kuelekea kwenye sanda. Dada wa kazi, msichana wa miaka kama 19, alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji. Nilipokuwa navaa viatu akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi anapenda ubaridi. Uji wa moto anautema, wa baridi anaumeza, lakini anaupitishia upande huu." Akajigusa shavu la kulia. Nilirudi ndani, nikamwomba bibi afungue mdomo, nikamulika kwa simu: gego la kushoto lilikuwa limeoza na fizi imejaa usaha. Jino lilipong'olewa na maambukizi kutibiwa, bibi alikula tena, na aliishi miaka mingine miwili. Nilikuwa nimeitembelea nyumba ile mara tatu pasipo kumuuliza msichana yule swali hata moja.

Wengine kwenye timu wapangiwe kazi wanazoziweza, kwa majina na kwa siku. Tabibu anaamua juu ya dawa na rufaa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye anaishi kitongojini na anapita njia ile mara kwa mara, anapima presha, anatazama ngozi na kukupigia simu akiona mabadiliko. Afisa ustawi wa jamii anashughulikia msamaha wa gharama, kwa kuwa sera yetu inampa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, na pia ndiye wa kuitwa unapoona dalili za mzee kupigwa, kufungwa kamba au kunyang'anywa mali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kama hospitali ya wilaya inaye, aje mara moja tu awafundishe nyumbani namna ya kumwinua mzee bila kuvunjana migongo. Mtoto aliyeko mbali naye apewe kazi maalumu: kununua nepi za watu wazima kila mwisho wa mwezi, kwa mfano, na kumpigia mtunzaji simu kila Jumapili ya kumuuliza hali yake yeye, siyo ya mzee tu. Mtu aliye mbali asipopewa kazi hutoa amri.

Familia ichague msemaji mmoja wa kuzungumza nawe. Kama ndugu hawaelewani, usijiingize katika ugomvi wa shamba. Itisha kikao, weka simu kwenye spika ili walio mbali wasikie, eleza ugonjwa mara moja kwa wote, kisha uwaachie wachague. Ukiueleza kwa kila ndugu peke yake, kila mmoja atabaki na ugonjwa wake.

Daftari

Nunua daftari la kawaida lenye jalada gumu, lifungiwe kalamu kwa uzi na likae mahali pamoja, juu ya meza ya chumba cha mzee. Ukurasa wa kwanza uandikwe jina analopenda kuitwa, magonjwa aliyonayo, dawa na saa zake, vitu vinavyomtuliza na vinavyomkasirisha, pamoja na namba za simu za kupigwa usiku. Kurasa zinazofuata ni za kila siku, na anayehudumia huandika mambo machache: amekula nini na kiasi gani, amekunywa vikombe vingapi, amelala kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, amepata choo au la, ngozi ikoje, na jambo lolote lisilo la kawaida pamoja na kilichotangulia.

Wafundishe wote kuandika walichokiona na kuacha hukumu. "Amesumbua sana leo" halimsaidii mtu. Linganisha na haya: "Saa tatu usiku. Amekula vijiko vitano vya mtori, ameacha. Amekunywa kikombe kimoja tangu mchana. Choo hajapata, leo siku ya tatu. Amenisukuma nilipomvua sketi, hakunisukuma nilipomvua blauzi." Mjukuu aliyeandika maneno hayo amekwisha kufanya nusu ya kazi ya uchunguzi, kwa sababu muuguzi akiyasoma atajua kwamba maumivu yako tumboni au kiunoni na ataanza na choo.

Mtunzaji asiyejua kuandika achore alama mlizokubaliana, au akurekodie sauti kwa simu. Kundi la WhatsApp linafaa kwa ratiba na taarifa fupi, lakini lisichukue nafasi ya daftari, kwa maana ujumbe hupotea chini ya salamu na picha za harusi. Jambo moja nalikataza bila mjadala: hakuna kutuma picha ya mzee akiwa uchi, akiwa amejichafua au akilia. Picha ya kidonda ikihitajika, ipigwe kidonda peke yake na itumwe kwa muuguzi peke yake.

Mzee akibadilika ghafla

Timu nzima ikariri maswali saba, na iyaulize kabla mtu hajasema kwamba ugonjwa umekua au kwamba mzee ameanza ukaidi. Je, anaumwa mahali? Ana homa au kikohozi, au mkojo wake umebadilika? Ana njaa? Ana kiu? Amefunga choo? Kuna dawa mpya, iliyoongezwa au iliyoachwa? Kuna kilichobadilika nyumbani, kama mgeni, kelele, kuhamishwa chumba au taa iliyoungua? Mzee asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa uso uliokunjamana, kwa kupumua kwa shida, kwa kuguna anapogeuzwa, kwa kukunja ngumi au kukataa kuguswa mahali fulani, na anayemjua ndiye anayezitambua dalili hizo mapema.

Ukishapata majibu, mpigie tabibu kwa utaratibu ule ule kila mara: ni nani, kimebadilika nini, umepima nini, unaomba nini. Mimi husema hivi: "Dokta, ni kuhusu bibi wa kitongoji cha juu, miaka 82, mwenye demensia na presha. Tangu jana jioni hajalala na anashika tumbo chini ya kitovu. Mjukuu ameandika kwamba hajakojoa tangu saa mbili asubuhi na sasa ni saa kumi. Joto 37.4, presha 150 kwa 85, tumbo la chini limejaa na linauma nikiligusa. Nadhani mkojo umeziba. Naomba umwone leo. Nimlete saa ngapi?" Simu hiyo haimalizi dakika moja, na tabibu hana sababu ya kujibu "mpe panado tuone kesho".

Dawa

Katika ziara ya kwanza, omba uletewe dawa zote zilizomo ndani ya nyumba, zikiwemo za mitishamba na zile zilizonunuliwa duka la dawa, uzimwage mezani na uandike kila moja. Dawa za mafua na mzio zenye klofeniramini, amitriptilini inayotolewa kwa maumivu au usingizi, na diazepamu, zote zinaweza kumzidishia mzee mkanganyiko, na ya mwisho humwangusha. Zipeleke kwa tabibu mzijadili. Usizikatishe ghafla peke yako.

Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili inayotumika kumtuliza mgonjwa, inastahili tahadhari ya pekee. Huombwa na familia zilizochoka, na huandikwa haraka na sisi watoa huduma tuliochoka. Dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kiharusi na ya kifo kwa wazee wenye demensia, na kwa aina moja ya demensia, ile inayoambatana na kuona vitu visivyokuwepo na mwili kukakamaa, zinaweza kumwangusha mtu kabisa. Pale ambapo mzee anajihatarisha au anahatarisha wengine na njia nyingine zimeshindikana, tabibu anaweza kuiandika kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi. Wewe andika kwenye daftari, siku hiyo hiyo, tarehe ya kuitathmini upya, kwa sababu dawa isiyo na tarehe hubaki miaka.

Kufundisha kwa kuonyesha: mfano wa kuoga

Mambo mengi ya matunzo hayafundishiki kwa maneno, na kuoga ndiko kunakoleta ugomvi katika nyumba nyingi. Jipangie siku moja umwogeshe mzee, mtunzaji akiwa pembeni, kisha siku ya pili mtunzaji amwogeshe, wewe ukiwa pembeni. Anza na chumba: kiwe na joto, mlango umefungwa, beseni, sabuni, taulo na nguo safi vyote viko karibu, kwa sababu mzee akiachwa amelowa wakati unafuata taulo, kesho atakataa. Maji ayajaribu mzee mwenyewe kwa mkono wake. Mfunike mabegani kwa kanga kavu na umwoshe sehemu moja moja chini ya kanga hiyo, ukianzia miguuni na kupanda. Kichwa na uso viwe vya mwisho, kwa kuwa maji yanayomwagika usoni ndiyo yanayoamsha hofu. Mpe kitambaa ashike na kujisugua anapoweza, hata kama anasugua goti lile lile mara kumi. Mweleze kila unachotaka kufanya kabla ya kugusa, kwa sentensi fupi. Akikataa, acha, siku hiyo futa kwapa, sehemu za siri na mikunjo ya ngozi, na mjaribu tena kesho saa nyingine. Kumbuka pia kuuliza ni nani anayefaa kumwogesha: bibi aliyelelewa kwa staha hatakubali kuvuliwa na mjukuu wa kiume, na hapo ni mila inayosema, ugonjwa hauhusiki.

Kikao cha mwezi

Kutaneni nyumbani kwa mzee mara moja kwa mwezi kwa dakika 40, daftari likiwa wazi. Mzee awepo, asalimiwe na aulizwe. Anapochoka, apelekwe kwenye kiti chake nje. Kiongozi aanze na mtu wa chini kabisa kwa cheo, kwa maana tabibu akizungumza kwanza hakuna dada wa kazi atakayempinga. Zungumzeni mambo matatu tu yaliyowasumbua mwezi huo, mkubaliane jaribio moja kwa kila jambo, na muandike nani atalifanya na lini mtapima kama limefaa. Huo utaratibu wa kujaribu na kupima ndio unaofanya kikao kiwe cha kazi. Kwa wazee walio katika hatua ya mwanzo na ya kati, jadilini pia shughuli za kuuchangamsha ubongo. Wilayani Hai ulijaribiwa utaratibu wa vikundi vya wazee wanaokutana kwa vikao 14 ndani ya wiki 7, wakizungumza, kuimba na kucheza michezo waliyoizoea, na ulionyesha manufaa. Nyumbani hata nyimbo za kanisani au kaswida alizozijua ujanani, na kuchambua maharage, vinatosha kuanzia.

Anayemtunza naye ni mgonjwa wako

Katika kila ziara tenga dakika kumi za kukaa na mtunzaji peke yake, mbali na masikio ya nyumba. Usimuulize "Unaendeleaje?" kwa kuwa atajibu "Tunamshukuru Mungu". Muulize jana alilala saa ngapi na aliamshwa mara ngapi, mara ya mwisho alitoka lini kwenda kwenye shughuli zake, na kama amewahi kufika mahali pa kumpiga au kutaka kumwacha mzee. Swali la mwisho uliulize kwa upole na pasipo kushtuka ukijibiwa ndiyo, maana aliyekiri anaomba msaada. Mpime presha. Peleka suala la zamu kwenye kikao cha ukoo kama agizo la kitabibu, useme waziwazi kwamba mtu huyu anatakiwa kupata usiku mbili za usingizi kwa wiki na siku moja ya kutoka; akilisema mwenyewe ataitwa mvivu, ukilisema wewe litakuwa sharti la matibabu.

Majirani

Mzee anayezunguka usiku, anayeongea peke yake na kuingia uwanja wa watu, yuko hatarini kuliko familia inavyodhani. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na hakuna mahali pa kujidanganya kwamba huko kwetu maneno hayo hayapo. Kwa idhini ya familia, nenda na mhudumu wa afya kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa kiongozi wa dini, mweleze kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo na kwamba wakimkuta njiani wamsalimie, watembee naye hatua chache upande anaokwenda, kisha wamgeuze polepole. Mshonee mzee namba ya simu ya nyumbani ndani ya ukosi wa nguo.

Hatua za mwisho

Itafika wakati mzee hatembei, hasemi na anapaliwa akinywa. Kaeni mapema kabla ya wakati huo mjue familia inataka nini, mkimrejea mzee mwenyewe alikuwa akisema nini zamani: alitaka kufia kitandani kwake, au alitaka kupelekwa hospitali? Kazi ya timu inabaki kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, kumlisha akiwa ameketishwa wima, chakula laini kwa kijiko kidogo bila haraka, kumsafisha kinywa, na kuondoa maumivu, ikiwezekana kwa msaada wa wahudumu wa tiba shufaa (matunzo ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyepona) wa hospitali ya wilaya. Kumpitishia mpira wa chakula katika hatua hii hakujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia nimonia, nanyi mna haki ya kuieleza familia hivyo kwa upole ili isione kwamba imemnyima.

Baada ya mazishi rudi nyumbani hapo mara moja zaidi, ndani ya mwezi. Chukua dawa zilizobaki, mpime mtunzaji presha tena na umuulize usingizi wake. Kituoni andika muhtasari wa ukurasa mmoja kwenye jalada la mzee, na daftari lenyewe uiachie familia.